Maji ya Mgeni: Kutunza Tangi la Karantini la Samaki wa Bahari

Kangaja wangu wa kwanza alikufa alfajiri ya siku ya nne. Alikuwa yule wa samawati, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano kama ganda la limau lililoiva, samaki ambaye wapiga mbizi wa Shimoni na Kilifi humshika kwa uangalifu kwa sababu ana bei nzuri na huchubuka upesi. Nilimweka peke yake kwenye tangi tupu pembeni ya jiko, kama nilivyoelekezwa: asichanganywe na wenzake mpaka ijulikane hana ugonjwa. Siku tatu nzima nilimkodolea macho nikitafuta madoa meupe. Sikuona hata moja. Maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuweza kusoma gazeti lililobandikwa upande wa pili wa kioo. Asubuhi ile nikamkuta amelala ubavu, matamvua yamefunuka, mekundu kupita kawaida.

Jioni alikuja mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba za kuhifadhia samaki wa kusafirishwa nje. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Hakumtazama hata samaki. Alitoa mfukoni kichupa cha kupimia, akachota maji kidogo, akadondosha matone ya chupa ya kwanza, kisha ya pili, akatikisa, tukasubiri dakika tano. Maji yakageuka kijani kilichokolea kama mchuzi wa kisamvu.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu hakuwa na ugonjwa wowote. Amekufa kwa uchafu wake mwenyewe."

Nimeweka wengi karantini tangu siku ile, na haya nayaandika kwa ajili ya anayeanza: mwenye tangi sebuleni Nyali au Mikocheni, mwenye hoteli anayetaka wageni waone samaki wa miamba wanapokula, kijana anayehifadhi samaki wiki mbili tatu kabla ya kuwauza. Duka la dawa za samaki litakuambia mengi kuhusu vimelea. Mimi nitakueleza zaidi habari za maji, kwa sababu dawa yoyote utakayotia inaingia kwenye maji kwanza, na maji yakiwa mabaya hakuna dawa itakayomfaa samaki aliyemo.

Tangi la karantini lina shida ambayo tangi kubwa la sebuleni halina. Tangi kubwa lina mawe ya miamba, mchanga, na mamilioni ya bakteria waliojishika humo. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa ikitoka kwa njia ya matamvua, na chakula kilichobaki kikioza hutoa nyingine. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia vizuri. Kazi hiyo inafanyika usiku na mchana bila wewe kujua. Tangi la karantini, kwa makusudi, ni kioo kitupu: halina mawe, halina mchanga, lina vipande vya paipu ya plastiki tu vya kujifichia. Tunaliacha tupu kwa kuwa mchanga ni maficho ya vimelea, na kwa kuwa mawe na mchanga wa matumbawe hufyonza dawa ya shaba na kuitapika baadaye wakati usiouchagua. Lakini ukiondoa mawe umeondoa na bakteria. Kazi yao sasa ni yako.

Hebu tupige hesabu moja. Tangi langu la karantini lina urefu wa sentimita 60 na upana wa 40 kwa ndani, na maji nayajaza hadi kimo cha sentimita 35. Hizo ni lita 84. Tuseme unampa samaki gramu 1 ya chakula kikavu chenye protini asilimia 45. Protini ina nitrojeni kama asilimia 16, kwa hiyo ndani ya gramu ile mna nitrojeni miligramu 72. Hata kama nusu yake tu ndiyo itakayorudi majini kama amonia, ni miligramu 36 kwa lita 84, yaani zaidi ya 0.4 kwa kila lita. Kwa siku moja. Ukilisha hivyo siku tatu bila kubadilisha maji na bila bakteria, umevuka 1.2. Ndicho kisamvu alichokiona mzee.

Mimi nikiona kipimo kimefika 0.25 nabadilisha maji siku hiyo hiyo, wala singoji kesho. Kikifika 0.5 nabadilisha nusu ya tangi, napumzika saa kadhaa, nabadilisha nusu tena. Kubadilisha nusu mara mbili kunaondoa robo tatu ya amonia, na samaki hashtuki kama ambavyo angeshtuka ukimwaga karibu tangi zima kwa mkupuo. Maji mapya yawe yameandaliwa tangu jana yake, yana chumvi ile ile, joto lile lile, na yamepigwa hewa usiku kucha. Kwa hiyo kama tangi lako ni la lita 84, uwe na pipa safi la lita 100 lililojaa maji tayari. Watu hununua tangi na dawa, pipa wanalisahau, kisha saa nne usiku kipimo kinakuja kijani nao hawana la kufanya.

Unaweza kupunguza kazi hiyo kwa kuandaa bakteria mapema. Chukua chujio la sifongo, lile dogo linaloendeshwa na pampu ya hewa, uliweke kwenye tangi lako kubwa lenye afya wiki nne hadi sita kabla samaki mgeni hajafika. Bakteria watajijengea humo. Siku ya mgeni, lihamishe likiwa limelowa. Kama huna tangi kubwa, liendeshe lenyewe kwenye tangi tupu la maji ya bahari na utie chanzo cha amonia. Kamba mmoja mbichi ndani ya mfuko wa wavu anatosha, ingawa nyumba itanuka. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda, kisha nitriti itapanda huku amonia ikishuka, kisha zote mbili zitarudi sifuri. Mpaka hapo usimlete samaki. Na sifongo lile likishatumika karantini lisirudi tangi kubwa. Lichemshe, likaushe juani mpaka likauke kabisa, ndipo uanze upya.

Kuhusu nitriti, waliozoea samaki wa maji baridi wataniuliza mbona siitilii mkazo. Katika maji baridi nitriti huua upesi, kwani hupenya kwenye matamvua na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Katika maji ya bahari kloridi ni nyingi mno, nayo inashindana na nitriti kwenye mlango ule ule wa matamvua na kuishinda. Ipime ujue bakteria wako wamefika wapi, ila usikose usingizi kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye saa ambayo nimeona watu wengi waangalifu wakikosea kwa sababu ya uangalifu wao. Ni saa ya kufungua mfuko.

Samaki aliyetoka mbali, amepakiwa Mombasa jana na kufika mji mwingine leo, amekaa saa 24 au zaidi ndani ya mfuko wenye maji kidogo na oksijeni iliyofungiwa. Muda wote huo anapumua na kutoa hewa ukaa, ambayo haina pa kutokea. Hewa ukaa inayachachusha maji, pH inashuka kutoka 8.2 hadi 7 au hata chini yake. Wakati huo huo amonia inapanda. Lakini amonia ina sura mbili: moja ni kali, inayopenya matamvua na kuunguza, nyingine imejifunga na chembe ya asidi, na kwa samaki haina makali. Kinachoamua sura ipi itawale ni pH, na joto kwa kiasi kidogo. Katika maji ya bahari ya pH 8.2 na nyuzi 26, kiasi cha sehemu 7 katika kila 100 za amonia ni ile kali. Katika pH 7.2 haifiki hata sehemu 1. Kwa hiyo ule uchachu wa mfukoni, unaoonekana kuwa ni ubaya, ndio uliomhifadhi samaki njia nzima.

Halafu mfuko unafunguliwa. Hewa ukaa inaruka. Ndani ya dakika chache pH inaanza kupanda, na amonia yote iliyokuwa imelala inaamka samaki akiwa bado ndani. Mwenye samaki, kwa nia njema, anatia mpira mwembamba na kudondoshea maji ya tangi tone tone kwa saa nzima, azoee taratibu. Anachofanya ni kupandisha pH ya maji yenye sumu huku samaki akiogelea humo.

Fanya hivi badala yake. Kabla mgeni hajafika, muulize anayekutumia maji ya mfuko yana chumvi kiasi gani, kisha tengeneza maji ya karantini yalingane na hayo. Mfuko ukifika, punguza taa, uache uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20, joto lisawazike. Kata mfuko, chovya kipima chumvi upesi uhakikishe, mshike samaki kwa bakuli la plastiki badala ya wavu kwani kangaja ana miiba mkiani inayonasa nyuzi, na umhamishe. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie tangini hata kikombe. Kutoka kisu kugusa mfuko hadi samaki kuwa ndani, mimi natumia chini ya dakika tano.

Samaki wa safari fupi ni habari nyingine. Aliyetolewa Shimoni asubuhi akafika Mombasa kabla ya adhuhuri, hata akikwama kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, hajakusanya amonia ya kutisha. Huyo unaweza kumdondoshea maji kwa nusu saa bila hofu.

Chumvi. Bahari yetu ina gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na kipima uzito wa maji kitasoma 1.026 kwenye nyuzi 25. Anayeishi pwani ana bahati ya kuwa na maji ya bure, lakini achague pa kuteka. Teka maji yanapojaa na yakikaribia kujaa kabisa, mbali na mdomo wa mto, mbali na bandari na mahali mashua zinapotiwa mafuta. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mvua hushusha chumvi ya maji ya ufukweni na kuleta tope. Mto Sabaki unaweza kuipaka bahari ya Malindi rangi ya chai ya maziwa. Maji uliyoyateka yapitishe kwenye kitambaa kizito, yafunike mahali penye giza, yapigwe hewa wiki kadhaa. Kimelea cha madoa meupe kinachoogelea kikikosa samaki kwa siku mbili kinakufa, ila kilichojifunika ganda huweza kusubiri wiki nyingi. Kwa sababu hiyo, kwa karantini hasa, mimi naua kila kitu kwa klorini, napiga hewa kutwa, kisha naiondoa klorini kwa dawa yake ya thiosulfati na kupima mpaka isomeke sifuri.

Aliye Nairobi, Arusha au Kigali atatengeneza maji kwa chumvi ya matangi, gramu 35 hadi 38 kwa lita kufuatana na aina yake. Nimeulizwa mara nyingi kama chumvi ya mawe inayovunwa kwenye mabwawa ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, haifai kwa kazi hii, maana nayo ni ya bahari. Haifai. Maji ya bahari yakikaushwa, kalsiamu hutangulia kutuama chini, magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa mwisho, na kinachovunwa katikati ni chumvi ya kupikia karibu tupu. Samaki atakuwa ndani ya maji ya chumvi, bali si maji ya bahari.

Kisha kuna maji yanayopotea hewani. Maji yakikauka, chumvi haiondoki nayo. Wakati wa kaskazi, dirisha likiwa wazi na feni ikivuma juu ya tangi kupunguza joto, tangi langu hupoteza lita moja kwa siku bila shida. Ukilisahau wiki nzima, lita 84 zimebaki 77, na chumvi imetoka 35 imefika 38. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo usawa wa maji, na kila asubuhi ongeza maji baridi yasiyo na klorini mpaka mstarini. Narudia, maji baridi. Nimemwona mtu akiongezea ya bahari kila siku kwa mwezi, akishangaa kwa nini samaki wanahema. Maji ya bomba yaache wazi yakipigwa hewa kutwa au yatie kiondoa klorini. Ya kisima cha pwani yapime kwanza, kwani mengi yana chumvi yake.

Katika pH ndiko watu wanakovuruga mambo. Tangi tupu halina mwani wa kunyonya hewa ukaa wala mawe ya kuyaongezea maji chokaa, kwa hiyo pH yake huelekea chini siku hadi siku. Kabla hujatia chochote, fanya jaribio hili: teka glasi ya maji ya tangi, ipeleke nje barazani, tia jiwe la hewa kwa saa moja, pima. Ikiwa pH imepanda, tatizo ni hewa nzito ya nyumbani, na dawa yake ni kufungua dirisha na kuongeza mapovu. Ikiwa haikupanda, maji yameishiwa alkali, ile akiba inayoyazuia yasichachuke. Pima alkali, katika bahari ni 7 hivi kwa kipimo cha nyuzi za Kijerumani kinachoandikwa kwenye vifaa vingi. Kuongeza nyuzi 1 katika lita 84 unahitaji gramu 2.5 za soda ya kuokea mikate, kama nusu kijiko cha chai, iliyokorogwa kwenye kikombe cha maji na kumiminwa polepole mbele ya mapovu. Usipite nyuzi 1 kwa siku. Wala usitumie magadi yale ya kulainishia maharage: yana kaboneti kali inayorusha pH juu kwa ghafla, na yana mchanganyiko wa vitu usivyovijua.

Na kabla ya soda, pima amonia. Umeshaona kwenye mfuko kwa nini. Tangi lenye amonia 0.5 na pH 7.7 lina samaki anayevumilia. Mpandishie pH hadi 8.3 kwa siku moja, umeizidisha ile sumu kali karibu mara nne bila kuongeza tone la amonia. Ondoa amonia kwa kubadilisha maji, halafu ndipo urekebishe pH.

Sasa shaba. Ugonjwa wa madoa meupe wa baharini unaletwa na kimelea Cryptocaryon irritans, kilichopewa jina hilo mwaka 1951. Hukaa ndani ya ngozi ya samaki siku kadhaa, 3 hadi 7, hudondoka, hujifunika ganda chini ya tangi, hugawanyika, kisha watoto wake hutoka kuogelea kutafuta samaki. Shaba inawaua hao wanaoogelea tu. Aliye ndani ya ngozi haimfikii, aliye ndani ya ganda haimfikii. Ndiyo maana shaba hukaa siku 30 katika kiwango kile kile, na ikishuka kwa siku moja tu, wale waliotoka ganda siku hiyo wamepata mlango na hesabu yako inaanza moja.

Zipo aina mbili za dawa ya shaba na kuzichanganya kumeua samaki wengi. Shaba huru inafanya kazi kwenye miligramu 0.15 hadi 0.25 kwa lita. Shaba iliyofungwa na kemikali nyingine, ili iachiliwe polepole, inafanya kazi kwenye 1.5 hadi 2.5. Ukiisoma karatasi ya hii ukatia ile, umemwekea samaki mara kumi ya kinachohitajika. Soma kibandiko cha chupa uliyoishika, nunua kipimo kinachopima aina hiyo, na usome rangi mchana karibu na dirisha, kwani chini ya taa ya njano buluu hafifu na buluu iliyokolea hufanana. Kwa kangaja na vitatange panda taratibu, theluthi moja ya dozi kila siku mpaka siku ya tatu.

Dozi ipigwe kwa maji yaliyomo, usiipige kwa ukubwa wa tangi ulioandikwa dukani. Kioo changu kina kimo cha sentimita 40, kwa hiyo dukani kingeitwa cha lita 96, lakini maji ni 84. Tofauti ya lita 12 ni moja ya saba ya dozi, na kwa shaba hiyo si ndogo. Ukibadilisha lita 20, lita 20 mpya zitiwe shaba ya lita 20 ndani ya ndoo kabla hazijaingia tangini.

Hapa nina onyo ambalo ningependa liandikwe kwenye kila chupa kwa herufi kubwa. Zipo dawa za maji zinazofunga amonia, na ni nzuri siku ya dharura. Lakini nyingi kati yake huibadili shaba kuwa ya sura kali zaidi, au huifungua ile iliyofungwa kwa mkupuo, na samaki hufa ndani ya saa chache. Tangi lenye shaba lisitiwe kifunga amonia. Amonia ikipanda humo, dawa ni ndoo na mkono wako. Usiweke pia mkaa wa kuchujia wakati wa tiba, maana utaichota shaba yote. Na kamba, kaa, konokono, matumbawe, hao shaba inawaua. Tangi lililowahi kutiwa shaba libaki la karantini maisha yake yote.

Wapo wasiopenda shaba, nami siwalaumu. Wanashusha chumvi hadi 1.009 kwa muda wa siku mbili na kuishikilia mwezi mzima. Damu ya samaki ina chumvi kama theluthi ya ile ya bahari, ndiyo maana anaweza kuishi katika maji hayo, wakati kimelea kinafura na kupasuka. Njia hii inataka kipima chumvi cha lenzi kilichorekebishwa vizuri, kwa sababu 1.009 inaua na kwenye 1.012 vimelea huweza kupona. Haifai kwa papa na taa, na haiondoi ule ugonjwa mwingine unaompaka samaki vumbi la dhahabu na kumuua kwa siku chache. Tena ukishusha chumvi hadi theluthi umeshusha na alkali hadi theluthi: kutoka 7 imebaki chini ya 3, na pH itaanguka. Siku hizo soda iwe karibu nawe. Ukipandisha tena, chukua wiki nzima. Na chumvi ya chini usiichanganye na shaba, kwa kuwa katika maji hayo shaba inakuwa kali zaidi.

Oksijeni naitaja kwa ufupi, ingawa usiku uhaba wake ndio muuaji wa haraka. Maji ya bahari yenye nyuzi 26 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7 hivi kwa lita hata uyapige hewa vipi, na yakipata joto zaidi yanabeba pungufu ya hapo. Weka mawe ya hewa mawili yanayoendeshwa na pampu mbili tofauti. Umeme wetu tunaujua, kwa hiyo moja iwe ya betri, na ijaribu kila Ijumaa uone kama bado inapuliza. Uso wa maji ukionekana una utando wa mafuta, uondoe kwa kulaza karatasi ya jikoni juu yake na kuivuta, kwani utando huo unazuia hewa isiingie.

Daftari langu lina safu sita: tarehe, amonia, pH, chumvi, shaba, na alichokula. Kangaja wa mwisho niliyemweka aliandikwa hivi siku za mwanzo. Siku ya kwanza amonia 0, hakula. Siku ya pili 0, alidonoa mwani mara mbili. Siku ya tatu asubuhi 0.1, jioni 0.25, alikula vizuri. Nilibadilisha lita 30. Siku ya nne asubuhi 0.1. Tazama ile ya tatu: samaki alipoanza kula ndipo amonia ilipoanza, na katika siku moja ilipanda kati ya asubuhi na jioni. Aliyepima asubuhi tu angelala akiwa na amani. Wiki ya kwanza pima mara mbili kwa siku, na dakika kumi baada ya kulisha nyonya mabaki yote kwa mpira.

Siku ya 30 ikifika na samaki hana doa, anakula, anapumua kwa utulivu, usimhamishe siku hiyo. Ondoa shaba kwa mkaa na kwa kubadilisha maji, mwache wiki mbili ndani ya maji safi bila dawa, umwangalie. Ndipo usawazishe chumvi na joto la karantini na tangi kubwa, mhamishe kwa bakuli, bila kumimina maji ya karantini. Maji yale yapitishe kwenye mkaa wa kuchujia mpaka kipimo cha shaba kisome sifuri, uyamwage chooni. Baharini au kisimani yasiende. Kioo kioshe, paipu ziloweke klorini, vyote vianikwe juani, na sifongo jipya litie kwenye tangi kubwa siku hiyo hiyo, maana bakteria wa mgeni ajaye wanahitaji wiki nne hadi sita.